Msitu Ulio Karibu na Mji Hulindwa na Miguu ya Watu

Mazungumzo kwa wakazi wa wadi ya Chala, kaunti ndogo ya Taveta, kuhusu misitu iliyo karibu na makazi na matumizi yake kwa mapumziko



Ukiwauliza watoto wa Chala wanacheza wapi siku ya Jumapili, wengi watataja barabara, uwanja wa shule au ukingo wa ziwa. Ukiwauliza wazazi wao wanapumzikia wapi, wengi watacheka kwanza. Mapumziko yamezoeleka kuwa jambo la watu wa Nairobi au la mgeni anayelipa kwenye lango la Tsavo. Mazungumzo haya yanahusu mahali pengine kabisa: kipande cha msitu kilicho karibu na nyumba za watu, ambacho mkazi anakifikia kwa miguu, anaketi kivulini, anatembea na familia au kukimbia asubuhi, kisha anarudi nyumbani bila kutoa nauli.

Msitu wa namna hiyo una tabia yake. Ukiwa mbali na watu unaweza kudumu kwa sababu hakuna anayeufikia. Ukiwa karibu na mji, kusahauliwa ndiko kunakouua. Leo hukatwa mti mmoja wa kuni, kesho huchomwa tanuri la makaa, mwaka ujao hupigwa vigingi vya viwanja, na hakuna anayepiga kelele kwa sababu hakuna aliyezoea kwenda huko. Lakini msitu unaotumiwa na watu wengi, kwa utaratibu unaojulikana, hupata walinzi wengi wasiolipwa.

Taveta ilikuwa mji ndani ya msitu

Jambo hili halikuletwa na wageni. Katika karne ya 19, misafara ya biashara iliyotoka Mombasa na Pangani kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai ilipumzika Taveta. Wapagazi walikuwa wamevuka nyika kavu kwa siku nyingi, kisha wakaingia chini ya miti mikubwa kando ya mto Lumi, penye maji, ndizi na kivuli. Charles New alipita mwaka 1871, Joseph Thomson mwaka 1883, na wote wawili waliandika kuhusu msitu huo. Wataveta waliishi ndani yake. Njia za kuingilia zilikuwa nyembamba na zilizibwa kwa magogo ili adui asipenye. Msitu ulikuwa boma, shamba, soko na mahali pa kupumzikia, vyote kwa pamoja.

Mabaki ya msitu wa aina hiyo yangalipo. Kitobo, karibu na mji wa Taveta, una takriban hekta 160. Miti yake haitegemei mvua peke yake. Inasimama juu ya maji ya chini ya ardhi, ndiyo maana huwa kijani hata nyika inayouzunguka ikiwa imekauka. Watafiti wa vyura na wanyama watambaao wamekuta humo aina nyingi ajabu kwa msitu mdogo kiasi hicho. Upande wa milima ya Taita kuna Ngangao, Chawia na Mbololo, na kuna fighi, yale maeneo matakatifu ambayo wazee walikataza mtu kukata mti ndani yake. Kanuni za nani aingie, afanye nini na asiguse nini zilikuwepo muda mrefu kabla ya sheria za misitu kuandikwa.

Chala yenyewe ina ziwa ndani ya shimo la volkano, nusu likiwa Kenya na nusu Tanzania, lenye kina kinachozidi mita 90. Maji yake hutoka chini ya ardhi, upande wa Kilimanjaro. Miteremko mikali inayolizunguka imeshikwa na miti na vichaka. Miti hiyo ikiondoka, mvua ya kwanza kubwa itabeba udongo hadi majini.

Swali la ardhi

Kuna swali ambalo halifai kukwepwa. Historia ya ardhi Taveta inajulikana. Mashamba makubwa ya mkonge yalichukua eneo kubwa, na familia nyingi zilibaki maskwota katika nchi ya mababu zao. Mtu asiye na hati ya ekari moja ana haki ya kuuliza: watu hawana pa kulima, na bado zungumzo ni la mahali pa kutembea?

Jibu ni kwamba vitu hivi viwili havishindani mahali pengi. Ukingo wa shimo la ziwa haulimiki. Kingo za mto hazipaswi kulimwa, kwa maana jembe likifika ukingoni mto hupanuka na kula shamba lenyewe. Chemchemi ikikatiwa miti, mkulima wa ndizi aliye chini ndiye wa kwanza kulia. Maeneo hayo yangehitaji miti hata kama hakuna mtu hata mmoja anayetaka kupumzika. Linaloongezwa na mapumziko ni macho ya watu. Na kwa familia isiyo na uwanja wala bustani, eneo la umma ndilo pekee ambalo mtoto wake anaweza kulikimbilia bila kufukuzwa. Mwenye ekari kumi ana kivuli chake tayari.

Karura: kuokoa ni kazi moja, kutunza ni nyingine

Mfano unaojulikana zaidi nchini ni msitu wa Karura, Nairobi, wenye zaidi ya hekta 1,000, uliotangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa wajenzi wa binafsi. Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti kama njia ya kupinga, na tarehe 8 Januari 1999 walipigwa langoni na kuumizwa. Ghasia zilizofuata zilitikisa jiji, na msitu ukaokoka. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Watu wengi huishia hapo wanaposimulia habari za Karura. Lakini kwa miaka mingine kama kumi msitu uliookolewa ulikuwa mahali pa kuogopwa. Majambazi walijificha humo, na mkazi wa karibu hakuthubutu kupeleka watoto. Mabadiliko yalikuja pale chama cha jamii, Friends of Karura, kilipoungana na KFS, shirika la misitu la taifa. Ua ulijengwa, maskauti wakaajiriwa na kufunzwa, njia zikasafishwa na kuwekwa alama, na mwaka 2011 milango ikafunguliwa kwa kiingilio kidogo. Leo maelfu ya watu hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli humo kila mwezi. Mikaratusi iliyopandwa zamani inapunguzwa hatua kwa hatua ili miti ya asili irudi.

Kwa hiyo mwaka 1999 msitu uliokolewa na watu wachache wenye ujasiri, na tangu 2011 unalindwa na watu wengi wa kawaida wenye viatu vya kukimbilia. Anayetaka kunyakua kipande cha Karura leo atakutana na umati unaokijua kipande hicho kwa jina la njia yake.

Mombasa nako kuna somo la aina nyingine. Machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yalikuwa jangwa jeupe lisiloota hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda humo miti, na mivinje ikastahimili. Jongoo walisaga majani yaliyoanguka, udongo ukazaliwa upya, na leo Haller Park ni mahali ambapo wanafunzi wa pwani hupelekwa matembezi. Wadi yenye mashimo ya changarawe yaliyoachwa isidhani kwamba mashimo hayo ni takataka ya milele.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kutunza msitu wa kupumzikia kunaanza na njia. Watu mia moja wakipita njia moja, udongo unaobanwa ni ule wa njia hiyo tu. Kila mmoja akijikatia yake, udongo wote hubanwa, maji hayapenyi, mizizi hukosa hewa, na mti wa miaka mingi huanza kukauka kutoka juu. Njia ya upana wa hatua mbili inatosha. Kwenye mteremko ipindishwe, isishuke moja kwa moja, na iwe na mitaro midogo ya kutoa maji pembeni. Njia inayoshuka wima kwenye ukingo wa ziwa hugeuka korongo ndani ya misimu michache.

Pili ni kugawa eneo. Pawe na sehemu ya watu wengi, karibu na lango, yenye benchi, choo na mapipa ya taka. Pawe na sehemu ya njia tu. Na pawe na sehemu inayoachwa ndege na wanyama, isiyo na njia kabisa. Uwanja wa mpira ukae nje ya msitu. Benchi zisiwekwe juu ya mizizi ya mkuyu wala chini ya tawi lililokufa. Kila baada ya upepo mkali au mvua kubwa, mtu apite njia zote akiangalia juu, na tawi linaloning'inia likatwe. Gogo lililolala katikati ya msitu liachwe, kwa kuwa ni nyumba ya viumbe na chakula cha udongo.

Tatu ni usalama, hasa wa wanawake na watoto. Mwanamke hatatembea mahali ambapo haoni mbele. Vichaka vya pembeni mwa njia vipunguzwe hatua mbili tatu kila upande ili macho yafike mbali, hasa kwenye kona. Saa za kufungua na kufunga ziandikwe langoni, na skauti aonekane. Chala ina jambo la ziada: ndovu hupita kati ya Tsavo Magharibi na upande wa Kilimanjaro. Njia ya matembezi isikate mapito yao ya kwenda majini, na msitu ufungwe kabla ya giza. Ziwani kuna hatari nyingine. Mwaka 2002 msichana mgeni kutoka Uingereza aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea katika ziwa Chala. Bango la onyo lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, likawekwa pale watu wanapoteremkia, ni kazi ya siku moja.

Nne ni moto na taka. Wakati wa kiangazi, moshi wa kurina asali au kipande cha sigara vinaweza kumaliza kazi ya miaka ishirini. Pafyekwe kanda tupu ya kuzuia moto upande unaopakana na mashamba, na pawe na makubaliano kwamba mwenye shamba hachomi mabaki kabla ya kumwarifu jirani. Kuhusu taka, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi katika mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa. Kikundi kinachoandaa pikiniki kibebe maji katika mtungi wake na kirudi na taka zake.

Tano ni miche. Tangu nchi ilipoanza kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, watu wamepanda kwa moyo. Lakini kupanda ni kazi ya siku moja, na kulea ni kazi ya misimu mitatu. Katika nyanda kavu kama hizi mche upandwe mwanzoni mwa mvua za vuli, katika kishimo kinachokusanya maji, uwekewe matandazo, na uzungushiwe miiba dhidi ya mbuzi. Mche usio na mtu wa kuumwagilia usipandwe. Miti ya asili ya hapa itangulie: migunga kwenye ukavu, mikuyu kando ya maji, mibuyu pale penye mawe. Mathenge ukionekana ung'olewe ukiwa mdogo, kwa sababu ukishakomaa hugeuka ukuta wa miiba. Mifugo isilishwe penye miche; nyasi zikatwe na kubebwa nje.

Nani ashike ufunguo, nani ashike fedha

Misitu mingi ya jamii imevunjika kwa sababu ya fedha za langoni, hata pale miti ilipokuwa salama. Karura yenyewe, pamoja na mafanikio yake yote, ilijikuta kwenye mzozo mwaka 2025 kuhusu mapato ya kiingilio yalipwe kupitia mfumo gani na yasimamiwe na nani. Ikiwa jambo hilo linaweza kuwagawanya watu wenye miaka zaidi ya kumi ya ushirikiano, kikundi kipya cha kijijini kiandike makubaliano yake kabla ya kukata tikiti ya kwanza.

Makubaliano hayo yaseme wazi mambo machache. Mkazi wa karibu aingie bure au kwa kiasi gani? Mwanafunzi je? Fedha ziende akaunti ipi, na nani watie saini? Sehemu gani ilipe maskauti, gani itengeneze njia, gani irudi kwa kijiji? Hesabu zibandikwe wapi kila mwezi ili hata asiyehudhuria mikutano azisome? Maskauti waajiriwe kutoka vijiji vinavyopakana na msitu, wasichana wakiwemo. Kijana anayepata mshahara kwa kulinda mti hana sababu ya kufumba macho mwenye msumeno anapopita usiku.

Ni kweli pia kwamba makaa hulipa leo na kivuli hulipa polepole. Mama anayeuza makaa kulipa karo hapaswi kuhubiriwa tu. Sheria inaruhusu jamii iliyosajili chama chake na kuingia mkataba wa msitu wa umma kukusanya kuni, kuvuna asali, kukata nyasi, kuchukua dawa za miti shamba, na kuendesha utalii na shughuli za mapumziko. Gunia la makaa huuzwa mara moja na mti umekwisha. Mzinga uliotundikwa juu ya mti huo huo hurinwa tena na tena, na anayeuza chai, matunda au maji langoni huuza kila Jumapili.

Sheria iko upande wa mkazi

Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Ratiba ya Nne ya Katiba hiyo hiyo inazipa kaunti jukumu la bustani na maeneo ya mapumziko, pamoja na kutekeleza sera za taifa kuhusu misitu na hifadhi ya udongo na maji. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakwenda mbali zaidi: kila kaunti ianzishe na kutunza bustani za miti, maeneo ya kijani au bustani za mapumziko kwa wakazi wake. Anayejenga mtaa wa nyumba atenge angalau asilimia 5 ya eneo lake kwa ajili ya kijani. Na eneo la mapumziko lililokwisha kutengwa halibadilishwi matumizi bila wakazi kushauriwa.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho chenye nguvu zaidi kwa Chala. Viwanja vinaendelea kukatwa kandokando ya barabara ya Taveta kwenda Illasit, na mji wa Taveta unapanuka. Eneo likishatengwa na kuandikwa, anayelitaka lazima awakabili wakazi hadharani. Likiwa halijaandikwa popote, mkazi hana cha kushika mkononi siku vigingi vinapopigwa. Ni rahisi kutenga ekari tano leo kuliko kurudisha ekari moja baada ya nyumba kusimama, kwani hapo itakuwa ni kumbomolea jirani.

Hatua za kuchukua zinajulikana. Kijiji kiketi kwanza, wazee wakiwa na vijana, kichague mahali na kutembea mipaka yake kwa miguu, kikiandika alama zinazoonekana: mti gani, mwamba upi, mto upi. Ofisi ya msimamizi wa wadi iulizwe ardhi hiyo ni ya nani: ya umma, ya jamii au ya mtu binafsi, kwa kuwa kila moja ina njia yake kisheria. Kisha pendekezo lipelekwe kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma likiwa limeandikwa, na nakala ibaki kijijini. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Pendekezo linaloletwa mwezi Mei limechelewa mwaka mzima.

Wala si lazima kungoja bajeti ili kuanza. Kusafisha njia moja, kung'oa mathenge, kulea miche thelathini, kupeleka darasa moja la watoto kuhesabu ndege: haya yanafanywa na kikundi cha akina mama, kanisa, msikiti au timu ya mpira. Mahali panapotembelewa kila wiki huanza kuwa na wenyewe machoni pa watu hata kabla ya hati kutoka.

Watoto wanaokimbia Chala leo watakuwa wazazi katika mji mkubwa zaidi, wenye nyumba nyingi zaidi na joto kali zaidi. Kivuli watakachokalia siku hiyo ni kile kitakachoachwa kimesimama sasa. Basi tembeleeni misitu yenu, ijueni mipaka yake, na vikao vya umma vinapoitishwa, fikeni mkiwa na karatasi mkononi.